Ndugu wa nyumba yenye kipigo: wakae pamoja au watenganishwe?

Kipigo kikizidi nyumbani, vikao vingi vya ukoo hapa Mwanza huamua upesi: mkubwa aende kwa bibi Ukerewe, wa kati kwa shangazi Buhongwa, mdogo abaki na mama. Si roho mbaya. Watoto watatu wa ghafla ni mzigo kwa nyumba yoyote. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009, kwenye suala la nani akae na watoto, inaitaka mahakama izingatie kwamba ni vyema ndugu wasitengane. Kwa maoni yetu, sheria imeona mbali.

Mtazame dada wa miaka kumi fujo zinapoanza usiku. Anamnyanyua mdogo wake mkekani kabla hajalia, anajibanza naye jikoni, anamziba masikio kwa viganja. Kwa mtoto yule, usalama ni dada. Akiondolewa, mdogo anaweza kuanza kushtuka usiku na kukojoa kitandani, na wenyeji wake wakamwita mkaidi.

Wanaotaka watenganishwe wana hoja pia. Dada huyo amekuwa mama kabla ya wakati. Hachezi, halali mpaka mdogo alale. Ila mzigo huo hautuliwi kwa kumpeleka mbali. Mtu mzima aanze kumwogesha na kumlaza mdogo huku dada akiona, zamu moja moja. Ukimpokonya kwa mkupuo atapambana nawe, maana hajaamini bado kwamba kuna mwingine anayeweza.

Hoja yenye uzito kweli ni ya kaka aliyejifunza mkono wa baba. Kusukumana kunahitaji uangalizi na vitanda tofauti. Kukaba, kutishia kwa kisu au kumshika mwenzake kingono ni kutenganisha siku hiyohiyo. Ili ijulikane ni lipi, ofisa ustawi wa jamii au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto amhoji kila mtoto peke yake; mkubwa asimsemee mdogo.

Wakitenganishwa, siku za kuonana ziandikwe, na mwenye kulipa nauli atajwe. Sengerema kumekuwa karibu tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, lakini Nansio, kule Ukerewe, ni safari ya meli, na “nitamleta likizo” husahaulika. Mdogo aliyebaki nyumbani asiachwe bila kuangaliwa. Baba akiwa mvuvi wa dagaa, mjumbe apite siku za mbalamwezi, taa za kuvulia zinapopumzika na baba yuko nyumbani.