Mfupa utaunga lini? Kompyuta inajua nusu ya jibu

Mtu aliyevunjika mguu Tanga hana haja sana ya kujua jina la mfupa uliovunjika. Anachotaka kujua ni lini atarudi kazini. Kijana wa bodaboda mwenye pikipiki ya mkataba anadaiwa hesabu ya tajiri kila siku, alale nyumbani asilale. Mkwezi aliyeanguka kwenye mnazi kule Pangani naye hana likizo ya ugonjwa. Daktari anajibu kwa tahadhari: miezi mitatu, pengine minne, uje tupige eksirei tuone. Kwa hiyo mtu akisema kuna hesabu za kompyuta zinazotabiri jinsi mfupa utakavyopona, ni haki yetu kutega sikio, japo hesabu zenyewe zimelelewa kwenye maabara za Ulaya na Marekani.

Fikra yake ni ya zamani. Mwaka 1892, Tanga ikiwa mikononi mwa Wajerumani, daktari wa upasuaji wa Berlin, Julius Wolff, alieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kufuata mzigo unaoubeba. Miaka ya 1970 ikielekea kwisha, Stephan Perren wa Uswisi akalitia jambo hilo namba. Tishu changa inayojaza pengo la mvunjiko inaweza kuvutika hadi asilimia 100 ya urefu wake bila kukatika. Gegedu, ile tishu ngumu kiasi lakini inayonyumbulika kama ya sikio, inahimili kama asilimia 10. Mfupa, kama asilimia 2 tu.

Namba hizo zinaleta jambo ambalo wengi hawalitarajii. Chukua mtikisiko wa nusu milimita. Kwenye pengo la milimita 10, huo ni mvuto wa asilimia 5. Kwenye pengo la milimita moja, mtikisiko uleule ni asilimia 50. Kwa hiyo mvunjiko safi wenye ufa mwembamba, ukifungwa kwa kulegea, unaweza kusumbua kuliko ule uliosagika vipande vipande. Macho peke yake kwenye eksirei yangekwambia kinyume.

Kompyuta inafanya kazi hiyohiyo mara maelfu. Sehemu iliyovunjika inagawanywa katika vipande vidogo sana, kila kimoja kikipewa ugumu wake: huku mfupa mzima, katikati damu iliyoganda. Mguu unabebeshwa mzigo. Programu inakokotoa kila kipande kimevutwa au kubanwa kiasi gani, kisha inaamua: kilichotulia kianze kuwa mfupa, kilichobanwa sana kiwe gegedu, kinachovutwa mno kibaki nyuzi. Siku moja imepita. Ugumu mpya unaingizwa, mzigo unarudiwa, na kuendelea, mpaka pengo lizibe au ligome kuziba. Mwaka 1999 Lutz Claes na Heigele wa Ulm, Ujerumani, walipendekeza mipaka ya kufanyia uamuzi huo. Miaka miwili baadaye Alicia Bailón-Plaza na Marjolein van der Meulen walipita njia nyingine, wakaandika milinganyo ya seli na vichocheo vya ukuaji badala ya mizigo.

Faida yake naiona wazi kwenye chuma. Mwaka 1985 Kenwright na Goodship, Uingereza, walionyesha kwamba miguu ya kondoo yenye pengo la milimita 3 ilipona vizuri zaidi ikichezeshwa milimita moja hivi kwa dakika chache kila siku kuliko ikikazwa kabisa. Ukishajua hilo, swali linalofuata ni kiasi: vile vyuma vya nje ambavyo watu huviita antena vikazwe vipi, na mgonjwa aanze kukanyaga lini? Majaribio mia ya namna hiyo yanaweza kufanywa kwenye kompyuta bila kumvunja mnyama hata mmoja. Hapa sina ubishi.

Ubishi unaanza pale hesabu inapoombwa kutaja tarehe kwa mtu fulani. Fundi anayemwaga zege kwa saruji ya Pongwe anajua litapimwa siku ya 28, na kwa kawaida nguvu yake haimshangazi mtu. Lakini zege halivuti sigara, halina kisukari, wala jeraha lake halioti usaha. Mfupa wa binadamu unacheleweshwa na yote hayo, na mvunjiko uliotoboa ngozi ni habari nyingine kabisa.

Kuna tatizo la ndani zaidi, ambalo wapenzi wa modeli, yaani hizi hesabu za kompyuta, hawalipendi. Hanna Isaksson na wenzake, mwaka 2006, walizilinganisha kanuni kadhaa za kuamua kipande kiwe mfupa, gegedu au nyuzi. Mzigo ukishuka wima, zilitoa picha zinazokaribiana. Mfupa uliposokotwa, zikaanza kupishana. Maana yake modeli inaweza kupatia jibu kwa sababu isiyo sahihi, na usijue mpaka ikutane na mgonjwa wa aina nyingine. Tena vipimo vingi vya kuzilinganishia vimetoka kwa kondoo na panya.

Sasa ilete Tanga. Programu itaanza kuhesabu tangu siku ya kuvunjika, lakini wapo wanaoanza kwa mganga wa mifupa, wakachuliwa na kufungwa vijiti, ndipo wafike Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Siku hizo za mwanzo zilikuwa na mtikisiko wa kiasi gani? Hakuna aliyepima. Kwa upande wa pili, hapohapo ndipo modeli ingesaidia kweli. Mgonjwa wa Lushoto au Kilindi hapandi basi kila wiki sita kwa ajili ya picha. Programu ikimwonyesha daktari kwamba kati ya wagonjwa wote huyu ndiye mwenye hatari ya mfupa kugoma, atajua nani wa kupigiwa simu kwanza. Kazi hiyo haidai tarehe. Inadai mpangilio wa hatari tu, na hilo ni dai dogo zaidi.

Tukumbuke pia kwamba modeli inashindana na vipimo vya bei nafuu. Kwa muundi kuna alama za RUST, za kupima mfupa umeunga kiasi gani: eksirei ya mbele na ya ubavuni, kuta nne za mfupa, kila ukuta alama 1 hadi 3, jumla 4 hadi 12. SIGN, shirika la Marekani lililoanzishwa 1999, ambalo misumari yake ya mifupa hutumika pia Muhimbili, lina kipimo kisichohitaji hata eksirei: mgonjwa achuchumae, atabasamu, apigwe picha. Akikunja uso katikati ya njia, daktari ameshapata habari. Programu yoyote inayoletwa na leseni ya kulipia inapaswa kwanza kuonyesha inamshinda mtu anayechuchumaa.

Ningekuwa na sauti kwenye uamuzi huo, ningeanza na daftari: tarehe ya kuvunjika, alipopita kabla ya hospitali, sigara, sukari, picha ya kuchuchumaa inayotumwa kwa simu kila mwezi. Modeli iliyofundwa kwa wagonjwa hao wa Muheza na Handeni ningeisikiliza. Na hata hiyo, ikimtolea kijana wa bodaboda siku moja badala ya wiki kadhaa za kati ya hapa na pale, ningemwomba daktari asimsomee, kwa sababu tajiri wake ataishika siku hiyo kama ahadi.