Anahesabu hadi mia? Mwombe visoda saba

Msimu wa mahafali ya chekechea umewadia, na mabango nayo yametoka: watoto wa miaka minne ndani ya majoho, kofia zimewaziba macho, na chini yake ahadi kwa herufi nyekundu kwamba mwanao atahesabu hadi mia kabla ya la kwanza. Wazazi wanapiga makofi. Kasuku naye akipewa muda atafika mia.

Mwaga visoda kumi na tano mkekani, kisha mwambie huyo bingwa wa mia: "Niletee saba." Wengi watachota konzi moja na kukukabidhi huku wakitabasamu.

Kuhesabu kuna mambo matatu ndani yake: kuyajua majina ya namba kwa mpangilio, kukipa kila kitu jina moja tu, na kufahamu kwamba jina la mwisho ulilotaja ndilo idadi ya vyote. Wimbo wa asubuhi unafundisha la kwanza, basi. La pili linakwama kwa sababu kidole na mdomo haviendi pamoja, na Kiswahili kina mtego wake hapo: kuanzia moja hadi kumi, kila jina lina silabi mbili. Mtoto akigusa kisoda kwa kila silabi, mo-ja, mbi-li, ta-tu, visoda saba vitamwishia akiwa na nusu ya nne mdomoni. Ndiyo maana mwalimu anayeijua kazi yake hamwambii aguse, humwambia asogeze. Chora mstari wa chaki sakafuni. Kisoda kikivuka mstari ndipo jina linatajwa, na kilichovuka hakirudi.

La tatu ndilo gumu. Mtoto anahesabu vitano bila kosa, unamuuliza, "Kwa hiyo viko vingapi?" Anaanza upya: moja, mbili, tatu... Si mkaidi huyo. Kwake "vingapi" ni amri ya kuhesabu, hajajua kwamba jibu amekwisha kulitamka. Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanapanda hadi sita, saba, wakidhani anahitaji mazoezi zaidi. Shuka. Rudi kwenye viwili na vitatu. Vihesabu naye, vifunike kwa kikombe, uliza humo mna vingapi. Akijibu bila kufunua, ingiza kimoja mbele ya macho yake na uulize tena. Kwa baadhi ni wiki mbili, kwa wengine miezi. Tarakimu ubaoni zingoje. Kazi yote hii, bahati mbaya, haipendezi kwenye bango.

Penseli nayo? Mtoto huzaliwa mifupa minane ya kifundo cha mkono ikiwa bado gegedu laini, haijawa mfupa, nayo hukomaa polepole kwa miaka mingi. Mjazishe ukurasa mzima wa "a" akiwa na miaka mitatu na nusu, ataishika penseli kwa ngumi na kukandamiza hadi karatasi ichanike, kisha aambiwe ana mwandiko mbaya. Mpe udongo afinyange, njugu amenye, kitambaa akikamue. Kusoma kunaanzia masikioni: apige makofi m-to-to, mara tatu, wala si mbili.

Anayetaka ushahidi wa chekechea ya michezo autazame utafiti wa chekechea ya Perry, kule Ypsilanti, Michigan, Marekani, miaka ya 1962 hadi 1967. Walikuwa watoto 123 wa familia maskini. 58 wakaingizwa darasani, 65 wakaachwa kwa ajili ya kulinganisha. Saa mbili na nusu kila asubuhi, na kila wiki mwalimu anafika nyumbani. Mtoto anapanga atakachocheza, anakicheza, kisha anaeleza alichofanya. Miaka michache baadaye tofauti ya vipimo vya akili ikayeyuka, na wabishi wakashangilia. Lakini walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 40, waliopitia darasa lile walikuwa na vipato vikubwa zaidi na walikuwa wamekamatwa na polisi mara chache zaidi. Sidhani ni kwa sababu ya kufika mia.

Haya, nakubali: mwalimu wa awali mwenye watoto zaidi ya mia, wakati mwongozo unasema 25, ana haki ya kunicheka. Kuimba kwa pamoja ndiko kunakomwezesha kufika saa nne ya uji akiwa bado na sauti. Hata hivyo, kona za ujifunzaji ziliwekwa kwa ajili hiyo: kikundi cha sita kinakaa naye mkekani, wengine wako kona ya duka au kwenye mchanga, na kesho wanabadilishana. Atapata zamu chache, ila zitakuwa zamu za kweli. Chekechea ya kulipia yenye watoto ishirini na madaftari manne kwa kila mmoja haina cha kusingizia. Bora abaki kwa bibi asikie "Paukwa!"

Vifaa havina gharama. Visoda vya bati vina kingo kali, zigonge kwa nyundo zilale, au tumia vifuniko vya plastiki vya chupa za maji. Maharage na kunde si vya watoto wa miaka miwili, vinaishia puani. Funga kumi kumi kwenye vifuko, na kabla ya kwenda nyumbani kila kikundi kirudishe vyake kimoja kimoja. Mtoto akichungulia mfukoni akasema "bado kimoja" kabla yako, ameanza kutoa, na hakuna aliyempa daftari la hesabu.