Jaladani Yumo, Mezani Je?

Machi 1966, Donyale Luna, mwanamitindo Mmarekani mweusi, alitokea kwenye jalada la jarida la mitindo la Vogue, toleo la Uingereza. Kiganja kimeziba sehemu ya uso wake, na kinachomkodolea msomaji ni jicho lililotiwa wanja mzito. Lilikuwa pozi tu, au mhariri aliogopa kumwonyesha mzima? Mabishano hayo hayajaisha.

Wanaoyatetea majarida ya wanawake dhidi ya lawama kwamba huwabagua weusi wana hoja, tena nzito. Jarida la Essence lilizaliwa 1970 likiwalenga wanawake weusi. Agosti 1974 Vogue ya Marekani ikamweka mwanamitindo mweusi Beverly Johnson kwenye jalada. Julai 2008 Vogue Italia ikatoa toleo la wanamitindo weusi, likagombewa hadi likachapwa upya. Kisingizio kwamba sura nyeusi haiuzi kilipaswa kuzikwa siku ile.

Lakini kuwekwa jaladani ni jambo moja, kuachwa ulivyo ni jingine. Novemba 2017, Lupita Nyong'o alilalamika hadharani baada ya kuona jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Nywele zake za kipilipili, zilizofungwa fundo nyuma ya kichwa, zilikuwa zimefutwa kwenye picha, na zilizobaki zimelainishwa. Jarida liliomba radhi likisema halikuagiza hivyo. Mpiga picha akakiri na kuomba radhi naye. Mimi nayaamini maelezo yote mawili, na ndiyo maana kisa hiki kinanitisha zaidi. Hakuna aliyetoa amri. Mtu ameketi mbele ya kompyuta, akaona nywele za Kiafrika, mkono ukaenda wenyewe kuzisafisha kama vumbi.

Utamaduni nao hukumbwa na hayo hayo. Halima Aden, mwanamitindo Msomali aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, alipamba Vogue Arabia Juni 2017 akiwa na hijabu yake. Wasichana wengi Waislamu walijiona pale kwa mara ya kwanza, na hilo lisibezwe. Mwishoni mwa 2020 akajitoa kwenye mitindo, akieleza jinsi stara yake ilivyokuwa ikimegwa kidogo kidogo. Kuna kazi aliyovishwa suruali ya jinzi kichwani badala ya mtandio.

Basi meza za uhariri wapewe weusi? Naunga mkono, ila si dawa ya kila kitu. Jalada la Vogue ya Uingereza la Februari 2022, chini ya mhariri mweusi Edward Enninful, liliwakusanya wanamitindo 9 wa Kiafrika. Wapo walioshangilia, wapo waliouliza kwa nini taa zimewafanya weusi kuliko walivyo, hata rangi zao tofauti zikawa moja. Mpiga picha, Rafael Pavarotti, ni mweusi kutoka Brazili. Hoja ya wakosoaji ina uzito, ingawa kwangu kosa hili, kama ni kosa, halilingani na lile la nywele: huku weusi umetiwa chumvi, kule ulifutwa.