Bakshishi ya Volti 120

Ukinyolewa kwa shilingi 200 Mombasa hii ukamwachia kinyozi 50, umemaliza. Ukimwachia 20 hakununii, hasa ikiwa ulikuja kupigwa kipara tu. Ukimwachia 100, siku nyengine ukiingia atakupangusia kiti kwa taulo kavu na atasahau ghafla ni nani aliyetangulia kwenye foleni. Zote hizo ni pesa taslimu, mkononi mwa aliyekunyoa, ukishavuliwa shuka na kujitazama kisogo kwa kioo cha pili. Nayasema mapema kwa sababu Ami hakutaka kutoa pesa. Ami alitaka kutoa mashine.

Si ami yangu. Ni ami yake bwana harusi, lakini mtu akirudi kutoka Marekani baada ya miaka mingi huwa ami wa mtaa mzima, na pale Majengo hakuna aliyemwita vyengine. Aliingia dukani ninaponyolea Jumamosi jioni na msafara wake: bwana harusi, mtoto mdogo wa dada mtu, na vijana wawili ambao kazi yao ilikuwa kubeba mifuko na kusema "kweli, Ami". Nikahi ilikuwa kesho yake. Televisheni ilikuwa na mpira, kwa hivyo duka lilijaa watu, wengi wao wasiotaka kunyolewa.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kunyoa hapa ni ngapi?"

Nikamtajia. Mtu mzima 200, mtoto 100, bwana harusi 400 kwa sababu yeye ana nywele, ndevu, skrabu na taulo la moto. Ami akatazama dari huku midomo ikihesabu. Kule anakokaa, akatuelimisha, kinyozi huongezewa asilimia 15 hadi 20 ya bei, na Krismasi ikifika wako wanaompa sawa na bei ya mkato mzima. Ni hesabu nzuri kwa mkato wa dola 30, maana asilimia 20 yake ni dola 6. Akaileta hesabu hiyo hiyo Majengo.

"Ishirini kwa mia ya mia mbili ni arubaini," akasema, na uso ukamkunjamana. "Arubaini! Nimpe mtoto wa watu arubaini?"

"Kweli, Ami," wakasema vijana.

Hapo ndipo asilimia zinapokwama huku kwetu. Bei ni ndogo, kwa hivyo watu hutoa kwa noti na sarafu walizonazo mfukoni. Kichwa cha mtoto cha 100, sarafu ya 20. Mkato wa 200, noti ya 50. Ukifanyiwa ndevu, piko ya kutia weusi na skrabu, noti ya 100. Kwenye maduka yenye viyoyozi na kahawa ya bure, bei ikipanda, bakshishi nayo ipande mpaka 100 au 200, lakini hata huko sijaona mtu akitoa kikokotoo. Na dada anayekuosha kichwa na kukukanda mabega ana mkono wake. Yake mpe yeye. Ukinipa mimi noti ukasema "mtagawana", umetuachia kesi.

Ami akavuta mfuko mmoja, akatoa sanduku. Ndani mlikuwa na mashine nyeusi, nzito, ya koili, na vitana vinane vya plastiki vimepangwa kuanzia namba 1 ya milimita 3 mpaka namba 8 ya milimita 25. Nisiseme uongo, mate yalinitoka.

"Hii ndiyo bakshishi yako. Yapita kunyoa kwetu sote. Lakini uninyoe kwa hiyo hiyo, sasa hivi, nione."

Nikaigeuza. Tumboni mwake, kwa herufi ndogo kama miguu ya chungu, iliandikwa 120V 60Hz. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50. Nikamwambia. Akacheka, akatoa adapta mfukoni, akaichomeka kwenye plagi ya mashine. "Nimekuja nayo makusudi. Chaja ya simu nimeitia kwa hii hii tangu nifike, na simu ni nzima."

Chaja ya simu, kwa taarifa ya kila mwenye jamaa ng'ambo, imeandikwa 100 hadi 240V. Ndani yake mna vifaa vya kujirekebisha. Adapta yenyewe haigeuzi volti hata moja. Kazi yake ni kufanya pini mbili bapa za Kimarekani ziingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu. Mashine ya koili haina cha kujirekebisha. Ni waya uliozungushwa kwenye chuma, springi, na mkono unaosukuma wembe wa juu, unaovutwa na kuachiwa kila umeme unapogeuka: mara 100 kwa sekunde huku, mara 120 kule. Ukiipa volti mara mbili, chuma kinashiba sumaku, koili inavuta umeme kupita kiasi, na joto linapanda mara nne na zaidi. Dawa ni transfoma ya kushusha umeme, ile nzito ya kubeba kwa mikono miwili. Hata ukiipata, hezi zinabaki 50, na mashine italia kwa kukwaruza mpaka uirekebishe skrubu ya ubavuni.

Haya yote niliyaeleza kwa adabu. Nikakataa kuishika ikiwa kwenye soketi.

"Lete," akasema Ami. "Kule najinyoa mwenyewe kisogo kila Ijumaa."

Akajifunga shuka, akabana kitana namba 2, akachomeka plagi kwenye soketi ya kando ya kioo, akainamisha kichwa, akaweka mashine kisogoni, na kidole kikawasha.

Mashine ya koili ikiwa na afya huvuma taratibu. Hii ilipiga ukelele, na mpira wa watu ukasahaulika, shingo zote zikageuka. Vitana hivi hushikiliwa na kichuma cha kubana tu. Kwa mtetemeko ule kitana namba 2 kilichomoka, kikaruka, kikatua kwenye beseni la dada aliyekuwa akikoroga skrabu ya bwana harusi. Wembe ukabaki mtupu juu ya ngozi ya mzee. Ami naye, badala ya kuuondoa, alishtuka akapandisha mkono. Kisha ikaja harufu ya vanishi ya waya ikiungua, moshi mwembamba, mlio mmoja mkavu, na duka zima likawa giza. Swichi kuu ilikuwa imejizima. Feni, friji ya soda na televisheni, vyote kimya.

Wakati ule refa alikuwa ametoka kuonyesha penalti. Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza hali ya Ami.

"Yanuka!" Ami akapiga kelele gizani. "Na imenishika! Imenishika nywele!"

Ilikuwa imemshika kweli. Vijana wakawasha tochi za simu, tukaona mashine inaning'inia nyuma ya kichwa chake na waya umelegea begani. Mashine ikifa katikati ya kazi, wembe wa juu husimama popote ulipofika, na nywele zilizokuwa kati ya meno ya juu na ya chini hubanwa palepale. Kuvuta ni kung'oa. Kwanza chomoa plagi, hata kama stima imepotea, maana hujui nani atairudisha na lini. Pili, pitisha kitambaa kibichi kati ya ngozi na chuma, kwa sababu wembe uliotoka kukimbia hivyo ni wa moto. Halafu mtu mmoja ashike uzito wa mashine isivute, na mwengine afungue skrubu mbili za chini zinazoshikilia wembe wa chini. Zikilegea, meno yanaachana, nawe unairudisha mashine ilikotoka, kuelekea shingoni, wala si kuinyanyua juu.

Mshika mashine alikuwa bwana harusi. Mshika tochi alikuwa mtoto, na kila Ami alipoguna mtoto alicheka na mwanga ukatembea ukutani.

"Usitikise kichwa, Ami."

"Sitikisi. Ni wewe watikisa."

"Ni mtoto, Ami."

"Mtoto, nitakuchapa."

Ikatoka. Nikaenda kuinua swichi kuu, taa zikarudi, na wapenzi wa mpira wakakuta penalti ishapigwa na matokeo yamebadilika bila ruhusa yao. Soketi ya kando ya kioo ilikuwa imeyeyuka mdomo, na adapta ya Ami imegandamana nayo kama ilizaliwa humo. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kisogoni, kuanzia shingoni mpaka usawa wa juu ya masikio, mlikuwa na barabara nyeupe pe, upana wa wembe kamili, katikati ya mvi zake za heshima.

Nywele hukua kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi. Nikahi ilikuwa kesho saa nne. Kwa hivyo njia ilikuwa moja, kuipandisha fedi, ule mkato unaoanza kipara chini na kurefuka taratibu kwenda juu, mpaka ilipoishia barabara. Nikachukua mashine yangu ya volti 240, nikazungusha kichwa chote bila kitana, kishikio cha pembeni kimefungwa, mpaka kwenye mstari ule. Juu yake upana wa kidole kishikio kimefunguliwa. Kisha namba 1, kisha namba 2 utosini, na kona ya wembe kufuta mistari kati yao. Nikamaliza kwa wembe mpya kwenye laini ya paji na ndevu, spiriti, poda. Mzee wa zaidi ya miaka 60 akainuka kitini na kichwa cha mshambuliaji wa zamu.

Vijana wakasahau kusema "kweli, Ami". Mmoja alisema "mambo, kaka".

Ami akajitazama kwa vioo viwili kwa muda mrefu. Alikuwa anaanza kuipenda, nilimwona. Hapo bwana harusi, ambaye uso ulikuwa bado mweupe kwa skrabu, akauliza, "Lakini Ami, kesho si utavaa kofia?"

Tukakumbuka kofia sote pamoja.

Malipo nayo yakawa mchezo wa pili. Ami, kwa kuwa mashine imekufa, akarudi kwenye asilimia zake. Jumla ya vichwa vitatu ilikuwa 700, ishirini kwa mia ni 140, yote 840. Akamwamuru kijana mmoja alipe kwa simu, na kijana akaituma yote kwenye namba ya till, ile ya malipo ya duka, iliyobandikwa ukutani. Till ni ya tajiri wa duka. Pesa ikiingia humo haijui ipi ya kunyoa ipi ya bakshishi, na sisi hugawana nusu kwa nusu. Nusu yangu ya 700 ni 350. Nusu ya 840 ni 420. Kwa hivyo 140 ya Ami ilinifikia ikiwa 70, na tajiri aliikata hiyo 70 kuchangia soketi. Dada wa skrabu, aliyeokoa kitana kwenye beseni na kukisuuza, hakupata hata senti.

Ukitaka kumpa kinyozi kwa simu, lipa kazi kwenye till, kisha muombe namba yake mwenyewe. Kutuma mpaka 100 kwa M-Pesa hakukatwi kitu. Ukitoa 101 umeshaingia kwenye makato ya shilingi 7. Jina likitokea, lisome kabla hujabonyeza. Bwana harusi alilijua hilo, akamtumia dada 100 yake kimya kimya.

Ami aliposikia bakshishi yake imeliwa na soketi aliona haya kweli. Akafungua pochi, akachomoa noti ya 1,000 iliyonyooka, akanikandamizia kiganjani kwa mikono miwili. "Hii ni yako peke yako. Nimeiweka tangu safari yangu ya mwisho."

Ilikuwa na picha ya Mzee Kenyatta. Noti hizo za 1,000 ziliacha kuwa pesa baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Nikaishika, nikamtazama mzee na fedi yake, nikasema, "Ahsante sana, Ami."

Mashine ilikufa, lakini vitana vyake vyote vinane vinaingia kwenye mashine yangu, na havichezi kama vile vya dukani. Natumia kila siku. Nilimtumia Ami ujumbe kumshukuru, naye akajibu kwa sauti, akiwa na furaha: "Mwanangu, Disemba naja tena. Nimekupatia kijisanduku cha kupashia mataulo, cha stima, kizuri kweli. Usijali, adapta nimenunua nyengine."

Nikamjibu: "Ami, njoo mikono mitupu. Hamsini yatosha."