Mdomo uko Hamburg, meza ya samaki iko Darajani

Septemba 2021, hapa Hamburg, polisi waligonga mlango saa 12 asubuhi wakiwa na hati ya upekuzi. Kisa ni mtu kumwandikia waziri wa mambo ya ndani wa jimbo neno moja la aibu kule Twitter. Neno lenyewe siliandiki, mama yangu husoma hapa. Baadaye mahakama ilisema upekuzi ule haukuwa halali, lakini mji ulikuwa umeshacheka vya kutosha. Neno likabandikwa mitaani, likatokea kwenye ukuta wa Rote Flora, jengo la wanaharakati wa mrengo wa kushoto, polisi wakalipaka rangi, likarudi, wakapaka tena.

Nyumbani nikihadithia huambiwa natia chumvi. Lakini Ujerumani kumtukana mtu ni jinai, na ukimtukana hadharani unaweza kufungwa hadi miaka 2. Mwaka 2017 wakatunga na sheria ya mitandao: kampuni kubwa zilitakiwa ziondoe, ndani ya saa 24 tangu zilalamikiwe, maandishi yanayovunja sheria waziwazi, na zikizembea faini iliweza kufika euro milioni 50. Pamoja na yote hayo, soma maoni chini ya habari yoyote ya wakimbizi. Hutaona tusi, utaona mtu anakwambia kwa sarufi safi kabisa kwamba ungebaki kwenu.

Kwetu Unguja sheria zipo, tena kali, lakini aliyetufunga midomo hasa ni jirani. Nikiwa mtoto nikipita Jaws Corner, kijiwe cha kahawa pale Mji Mkongwe, nikawakuta wazee na vikombe vya kahawa chungu wanabishana Muungano wa Tanganyika na Zanzibar mpaka mishipa ya shingo imesimama. Serikali mbili kama zilivyo, ya Zanzibar na ya Muungano, au serikali tatu, na Tanganyika iwe na yake, nani kauza nchi. Ila kuna maneno yalikuwa yanafika kooni yanarudi, kwa sababu kwenye swala ya Magharibi utasimama safu moja na huyo huyo, bega kwa bega.

Sitaki kupasifia kupita kiasi. Baada ya uchaguzi wa 1995 watu wa CCM na wa CUF walisusiana maduka, wakasusiana hata mazishi. Na ubao wa maskani, kijiwe cha wafuasi wa chama, pale Michenzani ulikuwa ukiandikwa kejeli za kuchoma watu zamani sana, kabla hatujajua intaneti ni mnyama gani. Matusi hayakuja na simu. Watu walichoka kuishi vile, na Julai 2010 karibu thuluthi mbili ya waliopiga kura ya maoni wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa.

Sasa nije kwangu. Tuna grupu la WhatsApp la mtaa, wengine tuko huku, wengi wako kule. Mjadala wa Muungano ukipamba moto, wenye ndimi kali ni sisi wa Ulaya na Arabuni. Tumeshiba, hatuna safu ya swala ya Magharibi ya kuogopa, na baridi inatuweka ndani na simu. Mwaka jana usiku mmoja nilimwita mzee mmoja kibaraka, na mengine juu yake, kwa kuwa tu alitetea serikali mbili. Asubuhi maalim anayesimamia grupu, mwalimu wangu wa skuli, akanitoa. Hakunifokea. Aliandika, "Mwanangu, pumzika wiki mbili." Nilinuna. Nikasema ananinyima uhuru wa maoni, kana kwamba mtu kanizuia kusema serikali tatu.

Wiki iliyofuata ndugu yangu akanipigia. Anauza samaki marikiti ya Darajani. Yule mzee alikuwa akinunua jodari kwake kila Ijumaa, miaka nenda miaka rudi. Tangu usiku ule ananunua meza ya pili. Anapita, anatoa salamu, anauliza hali ya mama, kisha anaenda zake. "Wewe unaandika," ndugu yangu akaniambia, "mimi ndiye ninayeuza."

Hapo ndipo nilipopata haya. Nikampigia mzee kumtaka radhi. Akaniuliza kama baridi imeshaanza, akaniuliza watoto wanasema Kiswahili au wamepotea. Radhi akanipa. Halafu akasema, "Lakini serikali tatu haiji, baba." Nikamwambia itakuja, Mzee. Tukabishana karibu saa nzima, kwa pesa zangu za simu.

Jodari bado anachukua meza ya pili.