Soksi Iliyonishusha Burma

Simu yangu ilipoporwa kupitia dirisha la matatu karibu na Muthurwa, niliapa kwamba sitashika tena ndani ya gari kitu ambacho mwizi anaweza kukitamani. Lakini foleni ya Jogoo Road nayo inataka mtu awe na cha kufanya. Usipokuwa nacho utakariri matangazo yote ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za stima, na mwisho uanze kujishuku kwamba kweli umerogwa.

Gikomba ikaniokoa, au ikaniponza, bado nafikiria. Nilikwenda kutafuta mapazia. Chini ya rundo la mitumba nikavuta kitambaa kigumu chenye vitundu vidogo vya mraba, na juu yake pamepakwa rangi picha ya soksi kubwa ajabu: nyekundu iliyokolea, ile tunayoiita damu ya mzee, yenye mnyama paa na theluji. Muuzaji mwenyewe hakujua anauza nini. Kwanza aliniambia ni wavu wa dirisha. Alipoona sishawishiki akasema ni chujio la uji. Nilipoigeuza kutazama umbo lake, akaapa kwa jina la mama yake kwamba ni ramani ya Italia.

Kumbe ni kanvasi ya kudarizi. Wazungu huishona nyuzi mpaka wavu wote ufunikwe, kisha huining'iniza nyumbani Krismasi ili watoto wakute zawadi ndani. Juu kabisa huachwa nafasi ya jina la mtoto. Kanvasi yangu ilikuwa na vitundu 13 kwa kila inchi, na kila panapokutana nyuzi za wavu panataka mshono mmoja wa mshazari. Piga hesabu: inchi moja ya mraba ina mishono 169. Na si kushona tu. Ukienda mstari kwa mstari, kanvasi inavutika na kupinda upande mmoja, ndiyo maana mafundi hupanda na kushuka mshazari, nyuma kukatokea msuko wa mkeka. Hata hivyo, ikipinda huloweshwa na kubanwa kwa pini juu ya ubao mpaka ikauke imenyooka. Malkia Mary wa Scotland alidarizi sana alipokuwa kifungoni Uingereza, toka 1568 hadi alipokatwa kichwa 1587. Yeye alikuwa na karibu miaka 19 ya kifungo cha kushonea. Mimi nilikuwa na foleni ya jioni, na ukiijua Jogoo Road utaona hatukuachana sana.

Nikanunua uzi Biashara Street, nikaanza. Wezi walichungulia dirishani, wakaniona mwanamume mwenye ndevu anashona soksi, wakaenda zao. Mmoja nilimwona akinisikitikia.

Sasa kuna jambo moja kuhusu sindano ya kazi hii ambalo naomba mlishike, maana ndilo utetezi wangu. Ncha yake ni butu. Haitoboi, inapenya kwenye tundu lililopo tayari. Ukiiweka juu ya suruali ya jinzi haiendi popote. Ila sweta iliyofumwa kwa mkono, jamani, ni matundu matupu.

Ilikuwa Julai, baridi ya Nairobi ile ya kuuma masikio. Karibu nami akaketi mama mmoja, mwili wa heshima, amevaa sweta ndefu ya damu ya mzee yenye ukingo wa kroshia. Konda akapaza sauti, "Songeni, hicho ni kiti cha watatu!" Tukasongeana. Pindo la sweta ya mama likapanda pajani kwangu bila kuomba ruhusa, nami nikaweka kanvasi yangu juu yake. Mle ndani mlikuwa na taa za buluu, zile za kufanya kila abiria aonekane maiti. Chini ya taa hizo damu ya mzee, kijani na nyeusi ni ndugu. Mama akasinzia. Mimi nikashona. Nilihisi sindano imekuwa nzito kidogo nikadhani kazi sasa imenoga.

"Burma! Wa Burma washuke!"

Mama akazinduka, akainuka. Nami nikainuka, kwa kuwa soksi iliinuka.

"Kijana, niachilie sweta."

"Mama, sijaishika. Ni soksi."

"Soksi gani?"

Konda hakuwa na muda wa soksi. "Mzae, si wewe umelipa hadi Buru?"

"Nashuka na huyu mama."

"Haya, mapenzi ni yenu, lakini yapelekeni nje!"

Gari zima likacheka. Tukashuka upande upande. Makasi sikuwa nayo, mimi hukata uzi kwa meno. Ila safari hii uzi ulikuwa umeishia nyongani mwa mama wa watu, na kuna mambo ambayo mtu mzima hayafanyi hadharani, hasa Burma, soko la nyama, mahali pamejaa wanaume wenye visu.

Mama alikuwa amekuja kununua matumbo, na hakuona sababu ya kubadilisha ratiba. Akatembea. Nikatembea. Alipopinda kona nikapinda. Kufikia buchari ya tatu tulikuwa na wafuasi. Mmoja akawaeleza wenzake kwamba hiyo ndiyo mbinu mpya ya wezi wa mjini: wanakushona kwanza usikimbie, ndipo wanakuibia polepole. Mwenye buchari akachukua kisu, akakifuta kwa aproni. "Niwatenganishe?"

"Kisu hicho kikigusa sweta niliyoifuma mwenyewe," mama akasema, "leo hutauza hata kwato."

Akaketi kwenye benchi, nami ikanibidi niketi. Akaomba sindano yangu, akaanza kufumua mshono mmoja mmoja. Akaigeuza kanvasi, akatazama mafundo ya nyuma, akanitazama.

"Mbele umeshona wewe. Huku nyuma ameshona nani?"

Watu wa matumbo wakacheka kana kwamba wanajua kudarizi.

Nikaona aibu kukaa bure mama wa watu akihangaika. Nikaona ncha ya uzi mwekundu inaning'inia, nikaivuta ili kusaidia. Ikaja. Nikavuta tena, ikaja kwa wepesi ambao, nakubali, ungemtia shaka mtu aliyetulia. Lakini nyuzi mbili za rangi moja, taa moja ya buchari, na umati unaopiga kelele "vuta, vuta!" Nani angejua?

"Kijana," mama akasema taratibu, "huo ni wangu."

Ukingo wa kroshia ulikuwa umekwisha kutoka mfuko wa kushoto mpaka mgongoni. Mapajani mwangu palikuwa na uzi wa kutosha kuanzisha soksi ya pili.

Nililipia matumbo. Mama akakunja kanvasi yangu, akaitia kwenye kiondo chake pamoja na sindano, akasema ni rehani mpaka nimletee uzi wa kurudishia ukingo, tena usiwe huo wa bei rahisi nilioshonea. Akanielekeza kwake Jericho.

Jumamosi nikaenda na uzi mzuri kabisa. Nikaikuta soksi mezani, imenyooshwa, paa amepata miguu yote minne, theluji imejaa. Nikaigeuza: nyuma kumenyooka kuliko mbele kwangu. Na juu kabisa, pale palipoachwa wazi, pameshonwa jina la mjukuu wake.

Nikauliza, kwa adabu, kama rehani yangu sasa naweza kuichukua. Mama alikuwa amepeleka uzi wangu dirishani anauchunguza.

"Huu si damu ya mzee," akasema. "Huu ni zambarau. Rudi Biashara Street."