Mzee wa getini na deni la chuo

Kwenye geti la chuo kimoja hapa Moshi kuna mlinzi mzee ambaye daftari lake la wageni limenyooka kuliko madaftari ya wanafunzi. Mistari anapiga kwa rula, na saa anaandika kijeshi: 0640, 0715, 1320. Wanafunzi wanampita mbio, "shikamoo mzee", naye "marahaba, kitambulisho", basi. Nilimzoea miaka miwili kabla hajaniambia kwamba mwishoni mwa 1978, akiwa kijana wa mgambo, alivuka Mto Kagera kwa daraja la muda, kwa sababu lile la Kyaka askari wa Idi Amin wa Uganda walikuwa wamelilipua.

Nimemkumbuka kutokana na hoja inayotugawa vyuoni: je, tuwe na utaratibu maalumu wa kuwasaidia na kuwaenzi askari wastaafu? Huku kwetu swali hili halikwepeki. Monduli kuna chuo cha maofisa wa jeshi, Duluti kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Oljoro kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Wapo wanaostaafu wakajenga hapahapa, na baadhi yao wanataka kusoma.

Wanaounga mkono hupenda kuitaja Marekani. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia masomo askari waliotoka vitani, na kufikia 1956 zaidi ya milioni mbili walikuwa wamepita vyuoni. Ni kweli, lakini ile ilikuwa fedha ya serikali, si ya mfuko wa chuo. Na askari weusi wengi, hasa wa majimbo ya kusini, walikuta milango ya vyuo imefungwa ingawa sheria iliwataja na wao.

Wanaopinga wana hoja nzito, na siwezi kuipuuza. Binti wa mkulima wa kahawa aliyekosa mkopo analala njaa ili alipe ada. Mstaafu ana kiinua mgongo na pensheni. Tumpunguzie nani? Na mwalimu aliyefundisha miaka 35 kule Simanjiro, au nesi wa zahanati, wao hawakulitumikia taifa? Kwenye suala la ada nakubaliana nao: fungu dogo la chuo limfuate mhitaji, awe amevaa gwanda au hakuvaa.

Lakini ada si kikwazo pekee. Bodi ya Mikopo haimkopeshi aliyezidi miaka 35, kwa hiyo sajenti wa miaka 45 yuko nje tangu mwanzo. Akijilipia mwenyewe, anakwama dirisha la udahili. Ametengeneza malori na jenereta za jeshi miaka 20, anaulizwa alama za kidato cha nne. Utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa upo nchini, na Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikifundisha watu wazima walioko kazini tangu 1994. Vyuo vyetu vingine vinaweza kuweka vipindi vya jioni, na ofisa mmoja wa udahili anayeweza kukisoma cheti cha kozi ya jeshi akakielewa. Hilo halimnyang'anyi yule binti hata shilingi.

Kuna jambo jingine tunaloliongea kwa sauti ya chini. Desemba 2017 walinda amani wetu 15 waliuawa kwenye shambulio la Semuliki, Kongo, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Aliyetoka kwenye moto ule, akija kukaa darasani na vijana wa miaka 20, anahitaji mshauri wa kuongea naye faragha. Kumpandisha jukwaani apigiwe makofi kunaweza hata kumuumiza.

Sherehe tunayo tayari, kila Julai 25, Siku ya Mashujaa. Kazi ya chuo ni kuandika. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Vita vya Kagera sasa anakaribia 70, na mgambo wengi hawakuwahi kuwa waajiriwa wa jeshi. Vita vilipokwisha walirudi mashambani. Wanafunzi wa historia wanahangaika kutafuta mada, na mada iko getini inawadai kitambulisho. Waulize yote, pamoja na magumu: njaa, hofu, raia wa Uganda walivyotendewa, maisha yalivyopanda bei baadaye. Chuo kikisifu tu bila kuhoji, kinageuka kwaya. Mzee akisema hapa kiapo kinanifunga, aheshimiwe, waendelee na swali jingine.

Juzi nilimwomba mzee akae na wanafunzi watatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watakuja na simu ya kurekodi au na karatasi. Anao wenzake wawili, mmoja Kibosho na mwingine Machame. Huyu wa Machame masikio yamechoka, maswali yake inabidi yaandikwe kwa herufi kubwa. Akafungua daftari la wageni, ukurasa mpya, akapiga mstari kwa rula. "Jumamosi," akasema huku akiandika. "0900. Wasichelewe."